Kidole cha Kinyozi na Gome la Mkoko

Daktari wa miguu alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha kinyozi. Aliinama, akakiminya kidole gumba cha mguu wa kushoto, akauliza kama kinauma. Kinyozi akasema hasikii kitu. Alidhani hilo ni jibu zuri. Daktari alivua glavu, kisha akamweleza taratibu kwamba kidonda kilichokaa chini ya kidole hicho kinachimba kwenda ndani, kwamba sukari ikiwa juu nyama haifungi, na kwamba akirudi mwezi ujao kikiwa vilevile, kidole kitabidi kiondolewe ili kuuokoa mguu.

"Kiondolewe kiende wapi?" kinyozi aliuliza, na papo hapo akajiona mjinga.

Daktari alimjibu kwamba kazi ya kinyozi ni kusimama, na kinyozi asiye na kidole gumba husimama, lakini kinyozi asiye na mguu hasimami. Akamwandikia vidonge vya sukari, akamwonya asiruke hata siku moja.

Nyumbani walikuwa wakimngoja wanawake wawili. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule pale dirishani kwenye mwanga, na mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya watoto wao wawili. Mama yake kinyozi alilala chumba kimoja na hao pacha na alikuwa mtu wa maneno machache, kila neno limepigwa muhuri. Kinyozi aliwapa habari akiwa bado mlangoni, viatu mkononi, kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Mkewe alivipokea vidonge, akavigeuzageuza, akauliza vinanywewa kabla ya kula au baada. Mama yake hakuvitazama. Alisema mguu ule ungekuwa umeshapona zamani kama yeye angeulizwa. Alikulia kando ya mkono wa bahari, kwenye watu wa kukata nguzo, na shangazi yake alikuwa akitibu vidonda kwa gome la mkoko. Gome huchemshwa mpaka maji yawe mekundu kama chai ya rangi, kidonda kikaoshwa kwa maji hayo, na mgonjwa akanywa kikombe.

"Mama, hilo gome si ndilo wanalolainishia ngozi za ng'ombe?" Mama Pacha aliuliza.

"Hawalainishi. Wanakaza."

"Basi mguu wa mtu ukazwe kama kiatu?"

"Si ndicho tunachotaka? Kidonda kikaze."

Mama Pacha alichukia kushindwa neno mbele ya mumewe. Akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

*

Siku ya pili mama yake kinyozi alipanda gari asubuhi, akashuka mwisho wa njia, akatembea hadi kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Alivua ndala, akakunja gauni, akaingia kwenye tope linalonuka mayai yaliyooza, harufu ambayo utotoni hakuwahi kuiona kuwa mbaya.

Kitu kilichomkuta huko hakumwambia mtu. Mikoko aliyoijua haikuwepo. Ile mikubwa ilikuwa imekatwa yote, na mahali pake ilipandwa miche iliyosimama kwa mistari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa. Nyuma yake kulikuwa na miti ya zamani kidogo, ya namna namna. Mkoko aliutambua kwa mizizi yake, ile inayotoka juu ya shina na kukanyaga tope kama miguu ya buibui. Lakini je, shangazi alikuwa akimenya huo, au ule mwingine mfupi, mkandaa, ambao nao gome lake hutoa maji mekundu? Mmoja ulikuwa wa kidonda na mmoja wa rangi na ngozi. Au yote miwili ilikuwa ya kidonda, na mmoja tu ndio wa kunywa? Alisimama pale, tope limemfika kwenye mashavu ya miguu, akijaribu kuisikia sauti ya shangazi, na sauti haikuja.

Mvuvi mmoja wa kaa aliyekuwa akipita alimwamkia, na mama akamuuliza kwa kuzungukazunguka, asionekane hajui. Yule mtu akasema kwa sukari ni majani ya mchu, mti mwingine wa topeni hapo, si gome la mti wowote. Mwanamke aliyekuwa akiokota chaza akadakia kwamba huyo asisikilizwe, dawa ya tumbo na sukari na vidonda vyote ni tunda la mkomafi, mti mwingine tena wa hapo, hasa kokwa zake. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Mama akawashukuru, akaenda pembeni, akamenya ukanda mwembamba upande mmoja wa mkoko, mti usife, na ukanda mwingine kwenye mkandaa. Akafunga vyote pamoja ndani ya mtandio.

Alipofika nyumbani, mkwewe alimuuliza kama ameupata.

"Nimeupata," mama alisema, na uso wake haukuyumba.

*

Tangu hapo kinyozi aliishi katikati ya wanawake wawili kama kitambaa kinachovutwa na mikono miwili. Hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa mtu wa kiti cha kunyolea, amezoea kumkubalia kila anayekaa mbele yake, awe wa timu hii au ile. Na alikuwa anaogopa. Kila alipovua soksi alikitazama kidole chake kama mtu anayeagana na ndugu.

Mama yake alimtaka aache vidonge, kwa hoja kwamba dawa mbili hugombana tumboni kama wake wenza. Akamwambia sawa, ameacha. Mkewe alimtaka asinywe yale maji, aoshee mguu tu kama lazima. Akamwambia sawa, anaoshea tu. Kwa kweli alifanya yote. Pakiti ya vidonge aliyopewa hospitali aliiacha kabatini haijaguswa, mama aione na aridhike, akanunua pakiti nyingine duka la dawa na kuificha kwenye droo ya nyembe kule kazini. Na kila asubuhi mama yake alipita kazini kwake na chupa ya chai, ambayo ndani haikuwa na chai. Alikunywa kikombe kizima. Maji yale yalikuwa na ukakasi wa kuukunja ulimi kama ngozi iliyoachwa juani, na baada ya hapo hakuwa na hamu ya kula kitu mpaka mchana.

Mama Pacha, kwa upande wake, alikuwa amemsikia mumewe akimwambia mama kwamba ameacha vidonge. Ukuta wa chumba kile ulikuwa mwembamba. Aliikagua pakiti kabatini, akaiona nzima. Hakugomba. Aliona akigomba nyumba itagawanyika na kidole kitakatwa vilevile. Akanunua vidonge vilevile, akawa anasaga kimoja kwa mgongo wa kijiko, anakitia kwenye uji wa asubuhi, anakoroga vizuri, anamwangalia mumewe akinywa hadi tone la mwisho. Moyo ulimwenda mbio kila siku kana kwamba anamtilia sumu.

Basi kila mmoja katika nyumba ile alikuwa akimwokoa kinyozi kwa siri.

Na kidonda kikaanza kufunga. Kingo zake zilizokuwa nyeupe na laini zikawa nyekundu, kisha zikakauka. Mama akakitazama na kuguna kwa ridhaa. Mama Pacha akakitazama na kushusha pumzi. Nesi wa kubadilisha bandeji akasema, "Hivyohivyo unavyofanya, endelea." Kinyozi akaitikia, bila kujua ni kipi hasa anachoambiwa aendelee nacho.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kitini alikuwa mstaafu mmoja wa posta aliyependa kunyolewa upara ung'ae. Mwenzake kinyozi, aliyekuwa na kiti cha pili na aliyejulikana kwa jina la Wembe, alikuwa akisimulia mechi. Kinyozi alisikia jasho jembamba likimtoka mgongoni, ingawa feni ilikuwa inazunguka. Akajifuta. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Akauweka chini wembe, akauchukua tena, akajiuliza kichwa hiki ni cha nani na kwa nini kina povu.

"Fundi, vipi?" mstaafu aliuliza akimtazama kwenye kioo.

Kinyozi alitaka kusema hakuna neno. Aliyoyatoa yalikuwa maneno mengine, mazito, ya ulimi uliovimba. Makali ya wembe mkononi mwake yakamkwaruza mstaafu nyuma ya sikio, damu ikachuruzika kwenye povu. Mstaafu akaruka na shuka shingoni, akasema mbele ya wote kwamba amenyolewa na mlevi asubuhi kweupe. Watu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kinyozi alikuwa ameshuka taratibu akakaa sakafuni juu ya nywele za watu, macho yanamtazama kila mtu na hayamwoni yeyote.

Wembe alimpigia simu Mama Pacha. Alikuja na utepe wa kupimia ungali shingoni na pini zikiwa kifuani. Mlangoni mtu mmoja alimwambia amwondoe mlevi wake asiharibu biashara za wenzake. Alipita kama hakusikia, akapiga magoti, akainusa midomo ya mumewe. Hakukuwa na pombe. Kulikuwa na harufu ya tope na ya mti, harufu aliyoijua kutoka sufuria ya mama mkwe wake.

Alijaribu kumwinua, na kinyozi akamsukuma akimwita jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Hapo ndipo Mama Pacha alipolia, siyo kabla.

*

Hospitali walimchoma ncha ya kidole, wakaitazama mashine, wakaitazama tena. Nesi alisema sukari imeshuka mno, karibu iishe. Mama Pacha hakuelewa. Kwa miaka yote waliambiwa sukari ipo juu, ishushwe, ishushwe, na sasa wanaambiwa kuteremka ndiko kunakomuua. Wakamtundikia dripu. Kabla nesi hajamaliza kuubandika mkono wake plasta, kinyozi alifumbua macho yake ya kawaida, akauliza nani amebaki na kichwa cha yule mzee.

Mama yake aliwasili akihema, akakaa pembeni ya kitanda akiwa ameishika chupa yake ya chai kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka nayo nyumbani kwa haraka bila kujua.

Daktari yule mpole alikuja, akavuta kiti. Alisema kidonge kimoja kwa siku hakiwezi kumfanya mtu mzima hivi. Akauliza kwa sauti ya chini mgonjwa ametumia nini. Kinyozi alimtazama mkewe, mkewe alimtazama mama, mama alitazama sakafu.

"Mimi," Mama Pacha alisema mwishowe, "namtilia vidonge kwenye uji. Aliacha kuvinywa. Mume wangu, nisamehe, nilikuwa nakutilia."

Kinyozi alijiinua kwa kiwiko. "Unanitilia vipi? Mimi ninavinywa."

"Unavinywa wapi? Pakiti iko kabatini nzima."

"Kazini. Nina nyingine kazini."

"Sasa kwa nini ulimwambia mama umeacha?"

"Kwa sababu mama alitaka niache."

Mama alikohoa. Ilikuwa zamu yake, na kila mtu aliijua. Alieleza kwamba alikuwa akimpelekea maji ya gome kila asubuhi, kikombe, na wakati mwingine kikombe na nusu kwa sababu kidonda kilikuwa kinapendeza. Mama Pacha akamgeukia mumewe: mbona yeye aliambiwa maji yale ni ya kuoshea tu? Kinyozi akageuza uso ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kula ili asikilize vizuri.

Daktari alijishika paji la uso. Aliwaambia kwamba vidonge viwili badala ya kimoja, bila chakula cha maana, vyatosha kumwangusha mtu. Kuhusu gome, alisema wapo wanaochunguza magome ya miti hiyo, na amesikia kwamba baadhi yake yanaweza kuteremsha sukari, lakini kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani yeye hawezi kusema, wala hajui kama ndilo lililomsukuma au lilikuwepo tu. Akamgeukia mama kwa adabu.

"Mama, ulitumia mti gani hasa? Mkoko wenyewe?"

Mama aliitazama chupa. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na hakuna ambaye angeweza kumbishia.

"Sijui," alisema. "Nilifika kule nikasahau. Nikachukua miwili. Nilimpa mwanangu kitu nisichokijua, nikasema nakijua."

Mama Pacha alikuwa ameingoja siku ambayo mama mkwe wake angeshindwa neno. Ilikuwa imefika, na haikuwa na ladha yoyote. Alijikuta anaichukua ile chupa kutoka mikononi mwa mama, akaiweka chini ya kitanda pasipo kuonekana.

*

Waliporudi nyumbani palikuwa na heshima ya ajabu, ile ya watu waliokwaruzana gizani bila kujuana. Daktari aliagiza vidonge vishikwe na mkono mmoja tu, na gome lisinywewe kabisa. Kinyozi akamkabidhi mkewe pakiti zote mbili. Mama alisema anataka kwenda kukaa kwa mwanawe mwingine, akaanza kukunja nguo zake. Mama Pacha hakumzuia kwa maneno. Alimletea gauni la pacha mmoja lililofumuka pindo, akasema cherehani imegoma, amshonee kwa mkono. Mama alilishona. Kisha akashona la yule mwingine, ambalo halikuwa na kasoro yoyote ila alilikuta kitandani. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Mstaafu wa posta hakurudi kunyolewa. Wateja wengine walirudi, ingawa wawili watatu walipendelea kiti cha Wembe na kusema wana haraka. Kinyozi aliwanyoa waliobaki kwa makini ya mtu anayejua anachunguzwa mikono.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari alikitazama kidole kwa muda mrefu, akakiminya.

"Kinauma?"

"Kinauma kidogo."

"Vizuri sana," daktari alisema. Kidole kitabaki.

Kinyozi aliuliza ni nini kilichokiponya. Daktari alisema huenda ni vidonge. Huenda ni yale maji ya kuoshea, kwa kuwa magome hayo yana ukakasi unaokausha kidonda. Huenda ni viatu vya wazi alivyovaa, au siku alizolala kitandani mguu ukapumzika. Huenda ni vyote. Kinyozi alitoka na furaha kubwa ambayo hakujua amshukuru nani kwayo, akamshukuru Mungu, kisha mlinzi wa getini.

*

Habari za kidole zilienea bila kusukumwa. Jioni moja mwanamke asiyemjua mtu pale alibisha hodi. Alikuwa muuza mkaa, weusi wa kazi umemkaa kwenye mistari ya viganja. Mumewe ana mguu, alisema, na mguu wenyewe sasa unanuka, na ameambiwa kuna nyumba hapa wana dawa ya mikoko iliyomponya kinyozi. Alikuwa ameleta mfuko mtupu wa kubebea.

Walimkaribisha akae. Mama Pacha akamweleza mambo yote tangu mwanzo, uji, droo ya nyembe, chupa ya chai. Kinyozi akaongeza pale mkewe alipoacha. Hakuna aliyejipendelea. Mgeni alisikiliza huku akiuminya mfuko wake, akitazama mdomo mmoja hadi mwingine.

"Kwa hiyo ni ipi iliyomponya?"

Wakatazamana. Kinyozi akamwambia kweli hawajui, na kwamba ampeleke mumewe hospitali leo hii, asingoje kesho. Mgeni akamgeukia mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu mzima.

"Bibi, nipe basi hata kipande. Nitachemsha mwenyewe."

"Sina, mwanangu. Na ningekuwa nacho nisingejua nakupa nini."

Mwanamke alisimama. Alikuwa amekuja mbali kwa miguu, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Wenu amepona," alisema, "na mimi mnaninyima gome la mti. Gome tu. Mti ambao hamkuupanda." Akatoka bila kuaga.

Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo kwamba wangenyamaza wangeonekana wachoyo, wamesema na wameonekana wachoyo zaidi. Mama alikuwa tayari anatafuta ndala zake chini ya meza. Alijitupia mtandio kichwani, akatoka, na kinyozi akasimama mlangoni akimwona mama yake anakimbia, kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani.

Alimfikia yule mwanamke kwenye kona ya duka la soda. Kutoka mlangoni maneno hayakusikika. Kinyozi aliona tu mgeni akiutikisa mkono, mama akiushika tena, mgeni akielekeza upande wa baharini na mama akitikisa kichwa. Walisimama hivyo mpaka muuza duka akatoka kuwatazama. Mwishowe mama akauchukua ule mfuko mtupu, akaukunja, akautia kwapani, na wakashika njia ya kwenda kwa muuza mkaa kumchukua mgonjwa, mama akiwa mbele.

"Wanakwenda wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Hospitali, nadhani," kinyozi alisema, akaanza kufunga viatu ili awafuate, kwa sababu mgonjwa mwenye mguu kama ule angehitaji mtu wa kumwegemea.